Tufaha zima, na ganda lake

Kwanza tuelewane kuhusu jina, maana kwa Waswahili jina moja limebeba matunda mawili. Ukiomba tufaha Unguja, unaweza kuletewa tunda jekundu laini, lenye nyama nyeupe kama sponji, harufu ya waridi na kokwa moja kubwa katikati. Hilo ni ndugu wa karafuu na mpera. Tunaloliongelea hapa ni lile gumu linalopangwa kama piramidi juu ya meza za wachuuzi, ambalo wengi huliita epo, na wengine tofaa. Asili yake ni milima ya Kazakhstan. Ajabu ni kwamba la Unguja ndilo linalonukia waridi, lakini kiukoo aliye ndugu wa waridi ni huyu epo.

Haya ni mambo ambayo mtu huyajua baada ya kulila tunda hili kila siku kwa miezi, na baada ya kuwaona wengine wakianza vizuri kisha wakakwama. Mengi hayahusu tunda lenyewe. Yanahusu namna linavyoliwa, linaliwa saa ngapi, na limechukua nafasi ya nini.

Tuanze na hesabu, kwa sababu sifa za tufaha zimetiwa chumvi sana. Tufaha la wastani, la gramu 180 hivi, likiliwa na ganda, lina kalori 95, wanga gramu 25 (humo sukari ni gramu 19) na nyuzinyuzi gramu 4.4. Sehemu kubwa iliyobaki ni maji, kama asilimia 86 ya uzito wote. Vitamini C ni miligramu 8 tu, kama sehemu ya kumi ya mahitaji ya mtu mzima kwa siku. Pera linalipita mbali: gramu 100 za pera zina zaidi ya miligramu 200 za vitamini C, na nyuzinyuzi zake ni mara mbili ya za tufaha. Kwa hiyo anayetafuta vitamini C asijisumbue na epo lililosafiri kwa meli, amwendee muuza mapera. Wapo pia wanaoamini kuwa tufaha lina madini mengi ya chuma kwa sababu likikatwa hugeuka rangi ya kutu. Rangi ile haitokani na chuma. Ni kimeng'enya kilichomo kwenye tunda kinachokutana na oksijeni ya hewani na polifenoli (kemikali za asili za mimea) zilizotoka kwenye chembe zilizopasuliwa na kisu. Chuma iliyomo haifiki hata miligramu 0.3 kwa tunda zima. Mjamzito mwenye upungufu wa damu asitegemee tufaha.

Basi faida iko wapi? Iko kwenye pektini, kwenye ganda, kwenye ugumu wake unaomlazimisha mtu kutafuna, na kwenye jambo moja ambalo halimo katika jedwali la virutubisho: tufaha linakaa kwenye mkoba siku nzima bila kupondeka, halihitaji kisu wala kijiko, na linapatikana mwaka mzima. Embe lina msimu, papai linataka sahani, parachichi lina siku yake moja ya kuliwa. Tabia ya kula tunda kila siku hujengeka kwa urahisi zaidi pale tunda lenyewe lisipokuwa na usumbufu.

Pektini ndiyo ileile inayoifanya jamu igande. Ni nyuzinyuzi zinazoyeyuka kwenye maji, na ndani ya utumbo hufanya utando mzito kama ute. Ute huo hunasa asidi za nyongo na kutoka nazo chooni. Ini linapoona nyongo imepungua hutengeneza nyingine, na malighafi yake ni kolesteroli, kwa hiyo huivuta kutoka kwenye damu. Baada ya hapo pektini hufika kwenye utumbo mpana, ambako bakteria huichachua na kuifanya chakula chao.

Hili limepimwa kwa watu. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza, na wenzao wa Italia walichapisha matokeo ya watu 40 wenye kolesteroli iliyopanda kidogo, waliokula matufaha mawili kwa siku kwa wiki 8, na kwa wiki nyingine 8 wakanywa kinywaji chenye sukari sawa na ya matufaha hayo. Katika kipindi cha matufaha kolesteroli ilikuwa chini kwa karibu asilimia 4. Ni kidogo, lakini ni kweli. Mambo mawili ya kukumbuka: ilikuwa matufaha mawili, si moja, na aina iliyotumika, Renetta Canada, ina polifenoli nyingi kuliko epo tamu nyingi za dukani. Anayemeza dawa za kolesteroli asiziache kwa sababu ya asilimia 4. Akitaka kuona kama kwake kuna mabadiliko, apime kabla ya kuanza na arudie baada ya wiki 8, maabara ileile na masharti yaleyale ya kufunga kula, na katikati asibadilishe kitu kingine. Wengi huanza tufaha, mazoezi na kuacha nyama siku moja, halafu matokeo yakija sifa zote zinakwenda kwa tufaha.

Sasa ganda. Ukilimenya tufaha, nyuzinyuzi hushuka kutoka gramu 4.4 hadi 2 hivi, na kwesetini, mojawapo ya polifenoli zake muhimu, karibu yote huenda na maganda kwenye ndoo ya taka. Kumenya ni kulipa bei ya epo na kuondoka na nusu yake. Wanaomenya wanajua wanachokiogopa: nta na dawa za shambani. Hofu hizi mbili tuzitenganishe, kwa sababu moja ina msingi na nyingine haina sana.

Nta kwanza. Tufaha huota na nta yake lenyewe. Likioshwa kiwandani nta ya asili hupungua, kwa hiyo wafungashaji wengi hulipaka nyingine nyembamba, hasa ya majani ya mti wa Brazili wa jamii ya minazi uitwao karnauba, au shelaki inayotolewa na mdudu. Zote mbili huruhusiwa kuliwa, hutumika pia kwenye pipi na vidonge, na tumbo huzipitisha bila kuzimeng'enya. Zile video za mtu anayekwangua epo kwa kisu hadi unga mweupe unadondoka, au anayelimwagia maji ya moto likawa jeupe, zinaonyesha nta ikifanya kile ambacho nta yoyote hufanya ikikwanguliwa au ikipata joto. Epo likitoka kwenye friji na kuingia kwenye joto la Dar es Salaam nalo huweza kupata utando mweupe wa namna hiyo. Lifute kwa kitambaa, ule.

Dawa za shambani na za ghalani ni jambo jingine. Kuna dawa za kuvu zinazotumika baada ya mavuno ili tunda lisioze njiani, na mabaki yake hubaki juu ya ganda. Maji matupu huondoa sehemu tu. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Massachusetts Amherst walilinganisha maji, maji ya klorini na maji ya beking soda, na beking soda ndiyo iliyoshinda. Kipimo chao ni gramu 10 kwa lita moja ya maji, yaani vijiko viwili vya chai vilivyosawazishwa. Zamisha matufaha dakika 15, yageuze mara moja katikati maana huelea na upande wa juu haulowi, kisha suuza kwa maji yanayotiririka huku ukisugua kwa mkono. Shimo la kikonyo na lile la chini ndiko uchafu unakojificha. Hapo pitisha kidole. Sehemu ya dawa mbili zilizopimwa ilikuwa imeshapenya ndani ya ganda, na hiyo haiondoki kwa kuoshwa. Anayesumbuliwa na wasiwasi huo anaweza kumenya, lakini ajue anachokiacha.

Makosa ya hapa ni mawili. La kwanza ni kutumia magadi badala ya beking soda kwa kudhani ni kitu kimoja. Magadi ni makali zaidi na hulifanya ganda liteleze na kuacha ladha. La pili ni kuosha kilo tatu kwa mpigo na kuziweka zikiwa na maji. Tufaha lililooshwa limepoteza sehemu ya kinga yake, na unyevu kwenye shimo la kikonyo ni mwaliko wa kuvu. Osha unalokula leo na kesho, basi.

Kuhusu kununua. Matufaha mengi yanayoliwa Tanzania na Kenya hutoka Afrika Kusini, maeneo kama Elgin na Ceres katika jimbo la Western Cape, ambako mavuno huanza mwishoni mwa Januari na kuisha karibu na Mei. Kwa hiyo epo la Afrika Kusini unalonunua Novemba limeshakaa ghalani miezi sita au zaidi, kwenye baridi inayokaribia nyuzi sifuri na hewa iliyopunguzwa oksijeni hadi asilimia 1 mpaka 3 ili tunda lisinzie. Halina sumu, na nyuzinyuzi zake zipo palepale. Lakini vitamini C imepungua, na likitolewa kwenye usingizi huo likawekwa juani huharibika upesi mno. Kuanzia Novemba hadi Januari, ukiona kibandiko cha nchi za kaskazini kama Italia au Marekani, chukua hilo, maana kwao mavuno ni Agosti hadi Oktoba. Yapo pia ya kwetu, ya miinuko ya Lushoto, Njombe na Makete, na ya Kenya ya kati. Mengi huwa madogo, hayang'ai na yana madoa. Ndiyo yasiyopakwa nta, kwa wale wanaoiogopa.

Mng'aro usikuhadae. Red Delicious, lile jekundu la damu lenye chini kama meno, hupendeza machoni na mara nyingi ndani ni ungaunga. Shika tunda: liwe zito kwa ukubwa wake. Bonyeza kwa kidole gumba karibu na kikonyo, si ubavuni ambako utaliacha na chubuko na mchuuzi ana haki ya kukukasirikia. Likibonyea, liache. Ganda lenye mikunjo midogo limeanza kukauka. Epo zilizopangwa upande wa jua wa meza ziache hata kama ni zilezile za kivulini. Na ukubwa: katoni ya kilo 18 huandikwa idadi ya matunda yaliyomo, kwa hiyo namba 100 ni tunda la gramu 180 na namba 198 ni la gramu 90. Kwa mtoto, kwa mwenye kisukari na kwa mfuko mwepesi, namba kubwa ndiyo nzuri. Vipimo vya tufaha la wastani tulivyovitaja mwanzoni ni vya tunda la namba 100.

Ungaunga huo hutokea hivi. Katika tufaha gumu lenye maji, chembe zimegundishwa kwa pektini, na ukiuma zinapasuka na kumwaga maji mdomoni. Likizeeka kwenye joto, gundi hiyo huyeyuka, chembe zinaachana badala ya kupasuka, na ulimi unahisi mchanga mkavu ingawa maji bado yamo. Kwenye meza ya nyumba ya pwani, nyuzi 30, siku tano zinatosha kuliharibu epo la aina ya Gala. Kwenye droo ya chini ya friji, ndani ya mfuko wenye matundu machache, litakaa wiki tatu au nne, na aina za Granny Smith au Pink Lady zaidi. Asiye na friji anunue matatu matatu, si kilo. Mtungi wa udongo wenye mchanga uliolowa husaidia Dodoma, ambako hewa ni kavu. Tanga na Mombasa haupozi vya kutosha kwa sababu hewa imeshajaa unyevu.

Kwenye friji usilichanganye na mchicha wala karoti. Tufaha hutoa gesi ya ethilini, na gesi hiyo huyafanya majani yawe njano na karoti ziwe chungu. Gesi hiyohiyo ina kazi nzuri mahali pengine: funga parachichi gumu na epo moja ndani ya mfuko wa karatasi, na litaiva mapema kuliko lingeachwa peke yake.

Tumefika kwenye saa ya kula, na hapa ndipo wengi hupoteza faida yote. Mtu husikia tufaha ni zuri, analiongeza baada ya wali, maharage, nyama na soda. Hapo ameongeza kalori 95 na hajaondoa kitu. Tufaha linafanya kazi likiwa mbele ya chakula, au likiwa mahali pa kitu. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania State waliwapa watu 58 vipande vya tufaha, au tufaha lililopondwa, au juisi ya tufaha, robo saa kabla ya chakula cha mchana, vyote vikiwa na kalori sawa. Waliokula vipande walikula pungufu kwa asilimia 15 kwa jumla, hata baada ya kuhesabu tufaha lenyewe. Lililopondwa lilisaidia kidogo. Juisi haikufikia hata hapo, ikiwa na nyuzinyuzi au bila nyuzinyuzi. Kilichotofautiana ni umbo la tufaha, na huenda kutafuna ndiko kulikosaidia.

Kwa hiyo utaratibu unaodumu ni huu: epo moja saa nne asubuhi mahali pa andazi, au dakika 15 kabla ya chakula kikubwa cha siku. Litafune taratibu, dakika tano hadi nane kwa tunda zima. Mwenye kuona njaa inarudi upesi alile pamoja na kiganja cha karanga au kijiko cha siagi ya karanga, mafuta na protini hulituliza tumbo kwa muda mrefu zaidi. Mwezi wa Ramadhani mahali pake pazuri ni daku, kwa ajili ya maji na nyuzinyuzi; kwenye futari tende na maji vinatosha kufungulia.

Juisi. Glasi ya mililita 240 ina sukari gramu 24 na nyuzinyuzi nusu gramu. Ukikamua nyumbani, glasi hiyo inakula matufaha mawili hadi matatu, ambayo si rahisi kuyamaliza kwa mkupuo kwa kutafuna. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2013, uliofuatilia wahudumu wa afya zaidi ya 187,000 nchini Marekani, ulikuta waliokula matunda mazima, hasa bluberi, zabibu na matufaha, walipata kisukari cha aina ya pili kwa kiwango kidogo zaidi, na wanywaji wa juisi kwa kiwango kikubwa zaidi. Hiyo haithibitishi kuwa tufaha ndilo lililowakinga, kwa maana anayekula matunda mara nyingi ana mazuri mengine pia. Lakini mwelekeo wa juisi na wa tunda zima kwenda pande mbili tofauti unasema kitu.

Mwenye kisukari tayari anaweza kula tufaha. Sukari yake hupanda polepole. Katika kipimo ambacho glukosi ni 100, tufaha huwa karibu na 36. Apime kwa wanga: tunda dogo la gramu 110 hivi ni gramu 15 za wanga, nalo lihesabiwe ndani ya mlo, si pembeni. Apime damu kabla na saa mbili baada ya kula, mara mbili tatu kwa siku tofauti, ndipo atajua mwili wake unavyolipokea. Tufaha la kijani kweli lina sukari pungufu, ila tofauti ni ya gramu chache. Uchachu ndio unaowafanya watu wadhani halina kabisa.

Kuna kisa kimoja cha kisayansi kinachowachanganya watu hapa. Mwaka 1835 wakemia wa Ulaya walitoa kwenye gome la mtufaha kitu kichungu kiitwacho floridzini, na baadaye ikaonekana kinazifanya figo zimwage sukari kwenye mkojo. Kutokana na umbo lake zikabuniwa dawa za kisukari za leo kama dapagliflozini. Wapo wanaosikia hivyo na kuanza kuchemsha magome, au kula epo sita kwa siku. Floridzini ikifika utumboni huvunjwavunjwa kabla haijafanya kazi hiyo, ndiyo maana wanasayansi walilazimika kuibadilisha umbo.

Wiki ya kwanza tumbo litasema. Gesi, muungurumo, wakati mwingine choo laini mno. Tufaha lina fruktosi (sukari ya matunda) nyingi kuliko glukosi, na lina sorbitoli, kitamu cha asili kinacholainisha choo, na vyote viwili visipofyonzwa vizuri huishia kwa bakteria wa utumbo mpana. Asiyezoea nyuzinyuzi aanze na nusu tunda kwa siku kwa wiki moja, ndipo aende kwenye zima, na maji ya kunywa yaongezeke. Akianza na matatu kwa siku ataacha kabla ya Ijumaa. Kwa mwenye choo kigumu sorbitoli hiyo ni neema, hasa likiliwa na ganda asubuhi pamoja na glasi ya maji. Lakini kuna watu wenye utumbo mwepesi kukasirika ambao kwao hata nusu tunda ni maumivu, na baada ya wiki tatu hali haibadiliki. Hao tufaha si tunda lao. Ndizi au papai litawafaa zaidi, na hakuna sababu ya kung'ang'ana.

Kuhusu meno, imani ya kuwa tufaha ni mswaki haina ukweli. Linachochea mate, ni kweli, lakini lina asidi na sukari. Baada ya kula sukutua kwa maji, na usipige mswaki kabla ya nusu saa kupita, kwa sababu asidi imelainisha tabaka la juu la jino na mswaki utalisugua. Kutafuna vipande kidogokidogo kutwa nzima mezani pa kazi ni kubaya kuliko kulimaliza kwa mkupuo mmoja.

Wapo wa kuangaliwa zaidi. Mtoto chini ya miaka minne asipewe kipande kibichi kigumu, kinaweza kuziba koo. Mkwanguie, au mpikie kwa mvuke dakika nane hadi kumi mpaka uma upondeponde bila nguvu. Anayemeza feksofenadini kwa ajili ya mafua ya mzio ameze kwa maji, si kwa juisi ya tufaha, kwani juisi hiyo huzuia dawa isiingie vizuri mwilini. Ndugu zetu walioko Ulaya ya kaskazini wenye mzio wa chavua ya miti ya beti (birch) wanaweza kuwashwa midomo na koo kila wakila tufaha bichi. Likipikwa mara nyingi haliwasumbui, kwa sababu protini inayowasha huharibika kwa moto. Wakivimba au kupata shida ya kupumua, hilo ni la daktari. Kwa mgonjwa wa figo aliyekatazwa potasiamu, habari ni njema: tufaha moja lina miligramu 195 hivi, ndizi moja zaidi ya 400.

Ule msemo wa Kiingereza wa tufaha moja kwa siku kumweka daktari mbali ulichapishwa mwaka 1866 kama methali ya Pembrokeshire, Wales, ukimtaja mtu anayekula tufaha akienda kulala. Mwaka 2015 watafiti wa Marekani waliupima kwa utani wa nusu na uzito wa nusu, kwa kumbukumbu za watu wazima 8,399. Walaji wa tufaha la kila siku, 753 kati yao, walimwona daktari sawasawa na wengine walipolinganishwa kwa haki. Tofauti ndogo ilikuwa kwenye dawa za kuandikiwa: walizitumia pungufu kidogo.

Mwisho ni yale yaliyoharibika. Chubuko la kahawia halina neno, likate ule. Ungaunga nao ni wa kupika: likwangue tufaha zima na ganda lake ndani ya vikombe viwili vya uji wa ulezi dakika tatu kabla ya kuepua, na hutahitaji sukari. La kijani linalochacha likatwe nyuzi nyembamba kwenye kachumbari ya kabichi, na ndimu itazuia lisigeuke rangi. Lakini doa laini la maji lenye ukungu wa buluu au kijani ni habari nyingine. Kuvu hiyo hutoa sumu iitwayo patulini, ambayo husambaa kupita sehemu inayoonekana na haiishi kwa kupikwa. Likiwa limeoza hivyo, tupa lote, na usilikubali kabisa kwenye juisi, ambako uozo hauonekani. Wauza juisi hapa ndipo hukosea: bovu la rahisi huenda kwenye blenda. Humohumo kwenye blenda toa kiini kwanza, kwa kuwa visu vikisaga mbegu hutoa sianidi. Mbegu mbili tatu zilizomezwa nzima kwa bahati mbaya hupita zilivyo, na mtoto aliyezimeza hahitaji kukimbizwa hospitali.